Shirikisho: faida, hasara, na maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mjadala wa katiba unapoanza, iwe Dodoma, Nairobi, Kampala au Lubumbashi, suala la shirikisho halichelewi kuibuka. Kuna wanaoamini litamaliza kero zote, na kuna wanaoamini litavunja nchi. Hapa chini tumekusanya maswali yanayojirudia zaidi. Majibu yanategemea mambo yaliyokwisha kutokea, hasa katika eneo letu, maana Afrika Mashariki na majirani zake wamejaribu karibu kila aina ya mfumo huu.

Shirikisho ni nini hasa?

Ni mfumo ambamo nchi moja ina ngazi mbili za serikali, na kila ngazi imepewa madaraka yake na katiba yenyewe. Serikali kuu haiwezi kuyatwaa madaraka ya jimbo kwa sheria ya kawaida, na jimbo nalo haliwezi kujichukulia ya serikali kuu. Anayetaka kubadilisha mgawanyo huo lazima apate ridhaa ya upande wa pili.

Mengine yote hutofautiana. Marekani ina majimbo 50, Nigeria 36, Uswisi ina kantoni 26, na Umoja wa Falme za Kiarabu una falme saba zenye watawala wa kurithi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama nchi fulani ni shirikisho kweli, usihangaike na jina lake wala na idadi ya serikali zake. Uliza nani anaweza kumwondolea nani madaraka, na kwa kura ya nani.

Lina tofauti gani na serikali za mitaa tulizonazo?

Tofauti ni kubwa. Halmashauri za Tanzania Bara zinaendeshwa kwa sheria za Bunge, na kile ambacho Bunge limekitoa Bunge linaweza kukirudisha mfukoni. Hilo limewahi kutokea. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa na kazi zake zikapelekwa kwa watendaji wa serikali kuu mikoani na wilayani. Sheria za kuzirejesha zilipitishwa mwaka 1982. Kwa miaka hiyo wananchi wengi hawakuwa na diwani wa kumfuata, na hakuna aliyeweza kwenda mahakamani kuuliza kwa nini.

Kaunti za Kenya ziko katikati. Katiba ya 2010 haiiti Kenya shirikisho, lakini kaunti zote 47 zimetajwa ndani yake, na ibara ya 6 inasema serikali za ngazi hizo mbili ni tofauti na zinategemeana. Zaidi ya hapo, ibara ya 255 inaweka kufuli: malengo, kanuni na muundo wa ugatuzi havibadilishwi bila kura ya maoni ya wananchi. Kwa kipimo cha swali la kwanza, kaunti ya Kenya ina kinga ambayo majimbo ya baadhi ya nchi zinazojiita mashirikisho hayana.

Je, Tanzania ni shirikisho?

Swali hili limewagawa wanasheria tangu 1964, na jibu letu ni kwamba ni muungano wenye viungo vya shirikisho lakini usio na umbo lake kamili.

Tarehe 26 Aprili 1964 Jamhuri ya Tanganyika na Jamhuri ya Watu wa Zanzibar ziliungana. Zanzibar ilibaki na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Tanganyika haikubaki na yake: mambo yake yote yalichukuliwa na Serikali ya Muungano. Hapo ndipo ugumu ulipo. Serikali moja inavaa kofia mbili, ya nchi nzima na ya Bara. Mzanzibari anapodai haki yake kwa Muungano, aliye mbele yake ni mwamuzi ambaye pia ni mshindani wake. Mtu wa Bara naye anauliza kwa nini mwenzake ana rais, baraza la wawakilishi na bendera, na yeye hana chombo chochote kinachosema kwa niaba ya Bara peke yake.

Halafu kuna orodha ya mambo ya Muungano. Ilianza na mambo 11 katika Hati za Muungano, na leo nyongeza ya kwanza ya Katiba ya 1977 inataja 22. Kila jambo lililoongezwa lilipita Bungeni kwa utaratibu wake, lakini kwa Wazanzibari wengi orodha iliyorefuka mara mbili ni ushahidi kwamba mkubwa anammeza mdogo polepole. Ukisikiliza kile kinachoitwa kero za Muungano, nyingi zinarudi hapo hapo: nani alikubali jambo hili liingie, na mapato yake yanakwenda wapi.

Pendekezo la serikali tatu si geni. Tume ya Jaji Nyalali ililitoa mapema miaka ya 1990, Kamati ya Jaji Kisanga ikalirudia mwishoni mwa muongo huo, na Tume ya Jaji Warioba ikaliweka katika rasimu zake za 2013, huku mambo ya Muungano yakipunguzwa hadi saba. Mwaka 1993 wabunge 55, waliojulikana kama G55, walidai serikali ya Tanganyika, na Mwalimu Nyerere akawapinga hadharani kwa nguvu zake zote. Kabla ya hapo, Januari 1984, Aboud Jumbe alilazimika kujiuzulu urais wa Zanzibar kwa sababu ya suala hili hili. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba liliyarudisha mambo kwenye serikali mbili baada ya UKAWA, kambi ya vyama vya upinzani, kutoka nje, na Katiba Inayopendekezwa haikufika kwenye kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015.

Tume tatu zenye majaji na wazee wa kuaminika zilifika mahali pamoja kwa nyakati tofauti. Hilo peke yake halithibitishi kuwa serikali tatu ndizo sahihi, lakini linathibitisha kwamba swali si la wachochezi.

Kwa nini basi wapo watu makini wanaozipinga serikali tatu?

Kwa sababu mashirikisho ya sehemu mbili tu yana historia mbaya, na hofu hii inastahili kusikilizwa kwa heshima. Shirikisho la Mali, lililoiunganisha Senegal na Sudan ya Kifaransa (Mali ya leo), lilipata uhuru Juni 1960 na kuvunjika Agosti mwaka huo huo. Senegal ilijaribu tena na Gambia mwaka 1982, likafa 1989. Czechoslovakia ilikoma mwishoni mwa 1992. Serbia na Montenegro waliishi pamoja kwa muundo huo kuanzia 2003 hadi 2006. Pakistan yenye mbawa mbili, Mashariki na Magharibi, iliishia kwenye vita na kuzaliwa kwa Bangladesh mwaka 1971.

Sababu inaeleweka. Mkiwa wengi, leo mnaungana na hawa, kesho na wale, na hakuna anayeshindwa kila siku. Mkiwa wawili, kila mvutano ni wa wale wale wawili. Sasa ongeza tofauti ya ukubwa: sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 59.9 Bara na milioni 1.9 Zanzibar. Kura ikihesabiwa kwa vichwa, Zanzibar haina sauti. Ikihesabiwa kwa pande, mtu mmoja Pemba ana uzito wa watu zaidi ya 30 Bara. Mwalimu aliogopa pia kwamba serikali ya Tanganyika, yenye karibu watu wote na karibu mapato yote, ingeifanya serikali ya Muungano kuwa ombaomba kwake.

Kuna nchi ya sehemu mbili ambayo bado imesimama: Saint Kitts na Nevis katika Karibi, huru tangu 1983. Na yenyewe ilikaribia kuvunjika, kama utakavyoona mbele.

Mwananchi wa kawaida anafaidika nini?

Faida ya kwanza ni kwamba sehemu iliyosahauliwa inapata bajeti yake bila kupiga magoti. Mfano bora tulionao ni kaskazini mwa Kenya.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, uliosema fedha za maendeleo ziwekezwe kule ambako zingezaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu tayari kwa kilimo cha biashara. Kwa maneno mengine, wenye nacho waliongezewa. Wajir, Mandera, Turkana na Marsabit zilisubiri karibu nusu karne. Ugatuzi ulipoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013, fomula ya mgao iliangalia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo, na kwa mara ya kwanza fedha zikaanza kwenda huko kwa haki ya kikatiba na si kwa hisani ya waziri. Katika mwaka wa fedha 2013/14 kaunti zote ziligawana shilingi bilioni 190, na kufikia 2023/24 mgao huo ulikuwa bilioni 385.4. Mji wa Wajir ulipata lami yake ya kwanza katika zama za kaunti. Mtu aliyezaliwa Nairobi huenda asielewe kwa nini watu walishangilia barabara ya mjini. Waliokaa miaka hamsini wakisikia lami kwenye redio walielewa.

Faida ya pili ni uhuru wa kujaribu. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango wa matibabu ambapo familia inalipa ada ndogo ya mwaka kisha inatibiwa katika hospitali za kaunti. Haikuhitaji kusubiri nchi nzima ikubaliane. Jambo likifanikiwa sehemu moja wengine wanaiga, na likishindikana hasara haiwi ya nchi nzima.

Ya tatu husahaulika: aliyeshindwa kitaifa hashindwi kila kitu. Chama kilichokosa ikulu bado kina magavana, mabunge ya kaunti na bajeti za kuendesha. Kwa nchi iliyoshuhudia yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kupunguza uzito wa kiti kimoja si jambo dogo.

Na hasara iliyo kubwa kuliko zote?

Kutupiana mpira. Huduma ikilala, kila ngazi inanyoosha kidole kwa mwenzake.

Wakenya wameiona hasara hii hospitalini. Nyongeza ya nne ya Katiba iliwapa magavana vituo vya afya na hospitali za kaunti, huku sera na hospitali kuu za rufaa zikibaki Nairobi. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na mwaka 2017 wauguzi nao wakagoma kwa miezi mitano. Madaktari walikuwa na mkataba wa 2013 waliotia saini na serikali kuu, lakini mishahara sasa ilikuwa mikononi mwa kaunti. Serikali kuu ikasema waulizeni magavana, magavana wakasema waulizeni waliotia saini. Mama mjamzito aliyekuta wodi imefungwa hakuhitaji somo la mgawanyo wa madaraka. Katika miezi hiyo mfumo ulimwangusha, na anayeutetea ugatuzi bila kulikiri hilo hajamtendea haki mama huyo.

Utumishi wa wataalamu wachache ndio udhaifu wenyewe. Daktari bingwa mmoja akihamishwa zamani alihamishwa na wizara. Kaunti 47 zenye waajiri 47 zinagombea watu wale wale, na kaunti ya mbali ndiyo hushindwa.

Si ghali mno?

Ni ghali. Magavana, mawaziri wa kaunti, wabunge wa kaunti, magari, walinzi, majengo, yote yanalipwa na mlipakodi. Visiwa vya Komoro, kwa katiba ya 2001, vilikuwa na rais wa Muungano na pia rais wa kila kisiwa: marais wanne kwa watu wasiofika milioni moja.

Ila gharama ya mfumo haipimwi kwa mishahara peke yake. Ipimwe pia kwa mkulima wa Lodwar ambaye zamani alisafiri hadi Nairobi kufuatilia faili moja, na kwa mabilioni yaliyokuwa yakipotea wizarani bila mtu wa Lodwar kujua. Komoro walichagua gharama ile baada ya kisiwa chao cha Anzuani kujitangazia kujitenga mwaka 1997. Waliona marais wanne ni nafuu kuliko vita.

Shirikisho halitaleta ukabila?

Linaweza. Inategemea mipaka imechorwa vipi, na hapa ndipo tunapoomba msomaji asiwe na haraka.

Ethiopia ilichagua njia ya wazi. Katiba yake ya 1995 iliunda majimbo tisa, mengi yakifuata mataifa na lugha, na ibara ya 39 ikayapa mataifa hayo haki ya kujitenga. Kwa watu waliokuwa wamedharauliwa kwa vizazi, kusoma shule kwa Kioromo au Kisomali na kuhukumiwa kwa lugha yao lilikuwa jambo la utu. Haki hiyo isibezwe. Lakini jimbo lilipopewa jina la kabila, kila asiye wa kabila hilo akawa mgeni mahali alipozaliwa, na wanasiasa wakapata mtaji. Majimbo yakajenga vikosi vyao vyenye silaha. Septemba 2020 Tigray ilifanya uchaguzi wake baada ya serikali kuu kuahirisha uchaguzi wa nchi, kila upande ukamwita mwenzake haramu, na Novemba vita vikaanza. Vilidumu hadi mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022.

Nigeria ilijifunza kwa njia ya maumivu. Ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na kanda tatu kubwa, kila moja ikitawaliwa na kabila lake kubwa. Kanda tatu zikawa makambi matatu. Mei 1967 kanda zikavunjwa kuwa majimbo 12, Mashariki ikajitangaza kuwa Biafra, na vita vikaua watu wengi hadi Januari 1970. Tangu hapo majimbo yameongezwa hadi 36, ili makabila makubwa yenyewe yagawanyike na madogo yapate pa kusimama. Mgombea urais naye lazima apate angalau robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo. Nigeria ina matatizo mengi, lakini Biafra ya pili haijatokea.

Kenya ina kidonda chake. Mfumo wa majimbo wa 1963 ulidaiwa na KADU, chama cha Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, kilichohofia kwamba chama cha KANU kingetawaliwa na makabila makubwa mawili. Kanda saba na eneo la Nairobi ziliundwa, lakini serikali ya Kenyatta haikuupenda mfumo huo na iliukausha kwa kuzinyima kanda fedha na watumishi. Novemba 1964 KADU ikajivunja na kuingia KANU, Desemba nchi ikawa jamhuri, na majimbo yakaisha. Wanasiasa walipolifufua dai hilo miaka ya 1990, Bonde la Ufa lilimwaga damu na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Ndiyo maana Wakenya wa umri fulani hushtuka wakisikia majimbo, na ndiyo maana waandishi wa katiba ya 2010 walichora kaunti 47 ndogo badala ya kanda saba kubwa. Kaunti moja haiwezi kuitishia Nairobi vita.

Na wachache walio ndani ya jimbo, nani anawalinda?

Shirikisho lenyewe haliwalindi. Jimbo likipewa uhuru linaweza kuutumia kuwaonea walio wachache ndani yake. Kusini mwa Marekani, haki za majimbo zilikuwa ngao ya utumwa, kisha ya ubaguzi. Mwaka 1957 Rais Eisenhower alilazimika kupeleka askari Little Rock, Arkansas, ili wanafunzi tisa weusi waingie shule, kwa sababu gavana alitumia askari wa jimbo kuwazuia.

Uganda ina kisa cha karibu zaidi. Katiba ya 1962 iliipa Buganda hadhi ya kishirikisho, lakini ndani ya Buganda kulikuwa na kaunti zilizochukuliwa kutoka Bunyoro wakati wa ukoloni. Wakazi wa Buyaga na Bugangaizi waliulizwa kwa kura mwaka 1964, wakachagua kurudi Bunyoro. Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye wakati huo alikuwa pia Rais wa nchi, hakuukubali uamuzi huo, na uhusiano wake na Waziri Mkuu Obote ukazidi kuharibika. Mei 1966 bunge la Buganda likaitaka serikali kuu iondoke katika ardhi yake. Tarehe 24 jeshi likashambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo, Mutesa akakimbilia uhamishoni, na katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Wanaodai federo leo, yaani hadhi hiyo ya kishirikisho kwa Buganda, wana hoja ya haki, kwa kuwa mkataba ulivunjwa kwa mizinga. Lakini lazima wajibu pia swali la wasio Waganda wanaoishi Buganda.

Madini, mafuta na gesi vitakuwa vya nani?

Hakuna jibu moja. Katika Falme za Kiarabu mali asili ni ya kila ufalme, ndiyo maana Abu Dhabi ina mafuta yake na jirani zake wasio nayo hutegemea ukarimu wake. Nigeria hukusanya kwenye mfuko wa nchi na kulirudishia jimbo lenye mafuta asilimia isiyopungua 13. Kenya, kwa Sheria ya Petroli ya 2019, inagawa mapato ya serikali hivi: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali.

Bila mgao unaojulikana, watu huingia barabarani. Mtwara mwaka 2013 ilisema gesi haitoki, na watu wakafa. Si kwamba watu wa Mtwara walitaka nchi yao. Walitaka kujua fungu lao ni lipi, na hapakuwa na sheria ya kuwaonyesha.

Kwa maoni yetu, mali asili yote kubaki jimboni ni hatari kwa nchi maskini. Katanga ilijitenga siku 11 baada ya uhuru wa Kongo, tarehe 11 Julai 1960, ikiwa na shaba yake na msaada wa Wabelgiji, na iliunganishwa tena kwa nguvu Januari 1963. Asilimia iliyoandikwa, hata ikiwa ndogo, ni bora kuliko yote au hakuna.

Kama katiba imeandika asilimia, fedha zitafika?

Si lazima. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 175, inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, yakatwe papo hapo. Kinshasa imeendelea kukusanya yote na kurudisha kidogo, kwa kuchelewa. Mwaka 2015 majimbo 11 yakagawanywa kuwa 26, Katanga ikawa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mengi ya majimbo mapya yalipata gavana na ofisi kabla ya kupata mapato ya kuyaendesha.

Kenya inafanya vizuri zaidi lakini si bila vita vya kila mwaka. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, ila kiasi hicho huhesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, asilimia 15 inakuwa ya mapato ya miaka kadhaa nyuma. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa miezi ikibishania fomula ya kugawana, kwa sababu kaunti kadhaa zingepoteza.

Mgogoro ukitokea, mwamuzi ni nani?

Kwetu sisi hili ndilo swali linaloamua kama faida zitashinda hasara.

Kenya ina mahakama zilizojaribiwa. Mwaka 2013 spika wa Bunge la Taifa alipoiruka Seneti katika muswada wa mgawanyo wa mapato, Mahakama ya Juu ilitoa maoni kwamba Seneti lazima ihusishwe. Watu walikasirika, wakatii.

Ethiopia haikumpa jaji kazi ya kutafsiri katiba. Iliipa Baraza la Shirikisho, chombo cha wanasiasa. Baraza hilo ndilo lililoidhinisha kuahirishwa kwa uchaguzi wa 2020, na Tigray haikuwa na sababu ya kuliamini.

Tanzania ina Mahakama Maalumu ya Katiba katika ibara za 125 hadi 128, kwa ajili ya migogoro kati ya Serikali ya Muungano na ya Zanzibar. Nusu ya wajumbe wanateuliwa na upande mmoja, nusu na mwingine, na uamuzi unahitaji theluthi mbili ya kila upande. Haijawahi kuketi. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992 na kujitoa 1993. Ikabadilisha katiba yake mwaka 2010 na kujitaja kuwa nchi. Malalamiko ya mafuta na gesi yakaendelea kwa miaka. Yote yalimalizwa, au kuachwa, katika vikao vya viongozi.

Jimbo linaweza kujitoa?

Katika nchi nyingi, hapana. Ethiopia inaruhusu kwa maandishi. Saint Kitts na Nevis inaruhusu kisiwa cha Nevis kujitoa kwa theluthi mbili ya kura, na mwaka 1998 waliotaka kutoka walipata karibu asilimia 62, hazikutosha, maisha yakaendelea. Sharti gumu lakini la wazi liliwapa watu nafasi ya kusema bila risasi.

Kinyume chake ni Eritrea. Umoja wa Mataifa uliiunganisha na Ethiopia kwa shirikisho mwaka 1952. Haile Selassie akapunguza madaraka yake moja baada ya jingine, na Novemba 1962 akalifuta kabisa. Vita vya ukombozi vilichukua miaka 30, na Eritrea ikawa nchi huru 1993. Shirikisho halikuivunja Ethiopia. Lililoivunja ni kulifuta.

Linapunguza ufisadi?

Hapana. Linauhamisha karibu, ambako unaonekana. Seneti ya Kenya imewang'oa magavana kadhaa, akiwemo Ferdinand Waititu wa Kiambu Januari 2020 na Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo. Wengine waliokoka kwa hesabu za kisiasa.

Shirikisho la Afrika Mashariki limefikia wapi?

Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza jijini Nairobi kwamba wangeliunda mwaka huo huo. Halikuundwa. Jumuiya ya 1967 ikavunjika 1977, na ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa 1999. Mkataba huo unataja shirikisho la kisiasa kama hatua ya mwisho, baada ya umoja wa forodha, soko la pamoja na sarafu moja. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubali kuanza na muungano legevu zaidi, ambao kila nchi inabaki na dola yake. Sasa wanachama ni wanane, Kongo na Somalia zikiwemo, na sarafu moja bado.

Kwa sasa hatulihimizi. Nchi zinazofungiana mipaka kwa sababu ya mahindi na maziwa bado hazijakubaliana mwamuzi wa mambo madogo.

Nyinyi mngeishauri Tanzania ianzie wapi?

Isianzie kwenye idadi ya serikali. Mbili au tatu, zote zitakwama palepale zilipokwama hizi. Ianzie kwenye mambo mawili ambayo yamo tayari ndani ya Katiba na hayahitaji Bunge la Katiba.

La kwanza ni ibara ya 133, inayotaka Akaunti ya Fedha ya Pamoja kwa mapato na matumizi ya Muungano. Tume ya Pamoja ya Fedha ipo tangu 2003, lakini kwa miongo kadhaa akaunti yenyewe ilibaki kwenye karatasi. Ikifunguliwa na hesabu zake zikachapishwa kila mwaka, Mzanzibari na mtu wa Bara wataacha kubishana kwa hisia kuhusu nani anamlisha nani. La pili ni Mahakama Maalumu ya Katiba: iteuliwe, iwe na masjala yenye anwani inayojulikana, na ipelekewe mgogoro mmoja wa kweli, hata mdogo, kama kodi ya bidhaa zinazotoka Zanzibar kuingia Dar es Salaam, ambayo wafanyabiashara wameilalamikia miaka nenda rudi.